Hema moja, nchi tano: Köln hadi Lisbon kwa gari

Tulirudi nyumbani mwanzoni mwa Agosti 2025. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye kidaftari changu cha gharama, picha za simu na kumbukumbu za binti yangu wa miaka 11, ambaye hasahau jambo. Baba watoto ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilishika ramani, jiko na hesabu. Wa nne ni kitindamimba wetu wa miaka 6. Tunaishi Köln, Ujerumani, lakini kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale.

Nilipompigia mama simu kumwambia tutalala kwenye kambi njia nzima, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kambi tena, mwanangu? Kambi si ya wakimbizi?" Nilimweleza kwamba huku Ulaya watu hulipia kiwanja chenye nyasi, bomba na choo safi, wakapiga hema kwa starehe zao. Akasema haya, Mungu awatangulie. Swali lake lilinifuata safari yote, na mtaona kwa nini.

Siku ya 1, Jumanne 15 Julai: Köln – Luxembourg – Reims

Tuliondoka alfajiri, mara tu baada ya swala. Usiku wake nilikuwa nimekaanga mahamri thelathini nikayafunga kwenye kitambaa, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Mahamri hayakufika Ufaransa.

Kama unatoka Ujerumani kwenda kusini, jaza tangi Luxembourg. Siku ile petroli ilikuwa chini kwa karibu senti 20 kwa lita kuliko kwetu. Foleni ilitula nusu saa, lakini tuliokoa zaidi ya euro 10.

Barabara kuu za Ufaransa nyingi ni za kulipia. Ukiingia unachukua tiketi kwenye mashine, ukitoka unalipa kwa kadi. Epuka njia zenye alama ya herufi t peke yake, hizo ni za wenye kifaa maalumu kwenye kioo. Sisi tuliingia humo mara moja, na ikabidi magari matatu nyuma yetu yarudi kinyumenyume ili tutoke.

Tulilala kwenye kambi ndogo ya manispaa, kijijini nje ya Reims: euro 19 watu wanne, hema na gari. Ofisi hufungwa mchana kwa saa kadhaa, kwa hiyo usifike saa saba ukitarajia kupokelewa. Jioni unaandikisha mikate unayotaka, asubuhi unaikuta ingali moto. Nilipenda utaratibu huo kuliko kifungua kinywa chochote cha hoteli.

Siku ya 2, Jumatano 16 Julai: Reims – Amboise

Watu huenda Reims kwa kanisa kuu walilotawazwa wafalme wa Ufaransa. Tuliliona, ni zuri kweli. Lakini mimi nilitaka kwenda bustani ya Champagne, ambako kuna sanamu ya mashujaa wa Jeshi Jeusi: askari wanne wa Kiafrika wa shaba, wamemzunguka afisa Mfaransa aliyeshika bendera. Ya kwanza ilisimamishwa 1924 kuwakumbuka Waafrika waliopigania mji huo katika Vita vya Kwanza. Wajerumani waliing'oa 1940 wakaenda nayo. Iliyopo sasa ni nakala ya 2013.

Baba watoto aliwaambia watoto kwamba hata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi majina yake yanatokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyohivyo, Carrier Corps, na kwamba mjini kwetu Mombasa nako kuna sanamu ya askari. Kitindamimba alishika buti la shaba la askari mmoja, akauliza kama alirudi kwao. Hatukuwa na jibu.

Barabara ya kwenda Amboise kupitia Troyes na Orléans ni mashamba ya ngano, matenki ya maji na mashamba ya ngano.

Siku ya 3, Alhamisi 17 Julai: Amboise

Mapumziko. Kambi iko kisiwani katikati ya mto Loire, ngome ya wafalme ng'ambo ya pili, na ukitembea kidogo unafika nyumba alimofia Leonardo da Vinci mwaka 1519. Tulifua nguo, tukapika pilau ya kuku kwenye jiko la gesi, na harufu ya bizari ikatuletea majirani watatu na sahani zao.

Siku ya 4, Ijumaa 18 Julai: Amboise – Bordeaux

Barabara ya mzunguko ya Bordeaux siku ya Ijumaa ya Julai haifai. Tulisota humo karibu saa mbili, watoto wameiva kwa joto. Ufaransa kuna huduma ya serikali iitwayo Bison Futé inayotangaza mapema hali ya barabara kwa rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Iangalie kabla ya kupanga siku zako. Sisi tuliijua tukiwa tumeshakwama.

Kambini, waya wetu wa umeme haukufika kwenye sanduku la soketi. Beba waya wa mita 25 wenye plagi ya bluu ya kambi, maana wetu ulikuwa wa mita 10. Bibi mmoja Mbelgiji aliyekuwa kwenye gari la kulala la jirani alituona tukihangaika, akatoa wa kwake bila kuombwa. Nikampelekea chai ya maziwa. Akauliza tunakwenda wapi. Baba watoto akamtajia: Hendaye, Burgos, Salamanca, mpaka wa Vilar Formoso, Lisbon.

Bibi aliweka kikombe chini. Akasema njia hiyo ndiyo aliyopita mama yake mwaka 1940, akiwa msichana, jeshi la Hitler likiwa nyuma yao. Bordeaux ilikuwa imejaa wakimbizi waliolala kwenye magari na viwanjani. Kutoka Ulaya ilibidi uvuke Uhispania ufike Ureno, upate meli Lisbon, na Uhispania haikukuruhusu kupita kama huna viza ya Ureno. Serikali ya dikteta Salazar ilikuwa imekwisha kuwakataza mabalozi wake kuwapa viza Wayahudi na watu wasio na uraia bila idhini kutoka Lisbon. Balozi mdogo wa Ureno mjini Bordeaux, Aristides de Sousa Mendes, aliivunja amri hiyo. Kuanzia tarehe 17 Juni 1940 alimgongea muhuri kila aliyefika mlangoni, usiku na mchana, wengine bila malipo. Waliopona kwa sahihi yake ni maelfu.

"Mama yangu alikuwa mmoja wao," bibi alisema. Akatuelekeza mahali pa kibao cha kumkumbuka Sousa Mendes.

Jioni tulipanda tramu hadi gati ya Louis XVIII, kando ya mto Garonne. Uliokuwa ubalozi wake mdogo ni jengo la mawe kama mengine yote pale. Watu walikuwa wakipita na baiskeli na aiskrimu. Binti yangu alisoma kibao kwa sauti, polepole, kwa Kifaransa chake cha shule.

Siku ya 5, Jumamosi 19 Julai: Dune du Pilat

Kilima cha mchanga kilichozidi vyote Ulaya kwa urefu, mita mia na zaidi, bahari upande mmoja na msitu wa misonobari upande mwingine. Julai 2022 moto uliteketeza msitu na kambi zilizokuwa chini yake. Miti michanga inachipuka sasa, lakini nafasi zilizobaki wazi bado zinasema. Mkaa ni marufuku kabisa, pika kwa gesi au umeme mahali ulipoonyeshwa. Uliza kabla ya kuwasha chochote.

Usiku upepo wa bahari ulivunja mti mmoja wa hema letu. Vijana wawili wa Kiholanzi walikata kipande cha bomba la alumini, wakakivisha pale palipovunjika na kukifunga kwa utepe. Mpaka leo hatujakitoa.

Siku ya 6, Jumapili 20 Julai: hadi San Sebastián

Hendaye ndio mji wa mwisho wa Ufaransa. Katika siku zile za Juni 1940, Sousa Mendes alikuja hadi Bayonne na Hendaye kuwasaidia waliokwama. Sisi tulipita juu ya mto Bidasoa kwa mwendo wa gari, hakuna aliyetusimamisha, na kabla sijageuka kuutazama tulikuwa Uhispania.

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki na kibali cha ukaazi cha Ujerumani: mnaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Beba pasipoti pamoja na kibali, kimoja hakitoshi.

Kambi ilikuwa juu ya mlima Igueldo, euro 41, ghali kuliko zote. Mandhari yake ni ya bahari ya kijani-kijivu na ukungu.

Siku ya 7, Jumatatu 21 Julai: hadi Burgos, na pancha

Kama kilomita 40 kabla ya Burgos tairi la nyuma kulia lilipasuka. Tulivaa fulana za kuakisi mwanga (ziweke ndani ya gari, si kwenye buti chini ya mizigo), watoto wakapita nyuma ya uzio wa chuma, pembetatu ikawekwa. Kulifikia tairi la akiba kulimaanisha kushusha kila kitu: hema, magodoro, sufuria, ndoo, viatu. Kisha nati moja ikakataa kufunguka. Baba watoto aliisimamia spana kwa miguu miwili, haikutikisika. Jua la saa nane, lami inawaka.

Ikasimama gari kubwa jeupe yenye namba za Ubelgiji, juu yake mizigo imefungwa kwa turubai la bluu hadi imekuwa kama nyumba ya pili. Kila kiangazi maelfu ya familia za Kimoroko hutoka Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa, hukatiza Uhispania yote hadi bandari ya Algeciras, wakaenda kwao. Aliteremka baba mmoja wa makamo na wanawe wawili. Aliona mtandio wangu, akasema "Assalamu alaykum," na kuanzia hapo hatukuwa na haja ya lugha nyingine. Walitoa bomba refu la chuma, wakalivisha kwenye mpini wa spana, nati ikalia mara moja ikalegea. Mkewe alikuwa tayari amewasha jiko dogo kwenye kivuli cha gari. Tukanywa chai ya mnanaa, na watoto wakalishwa mkate na asali mpaka wakashiba.

Tuliwapa nini? Nilikuwa na nusu pakiti ya bizari ya pilau kutoka Mombasa. Yule mama aliinusa, akaifunga vizuri, akaitia ndani ya mkoba wake mwenyewe.

Tairi jipya Burgos: euro 94 na ufundi. Burgos iko juu, mita 800 na kitu. Mchana tulichomeka, usiku tulivaa soksi.

Siku ya 8, Jumanne 22 Julai: Salamanca

Jua linazama saa nne kasoro usiku, kwa hiyo Isha ni karibu na usiku wa manane. Kwa Waislamu wanaokula mikahawani: nyama ya nguruwe hutiwa hata kwenye dengu na maharage bila kutajwa, uliza kila mara. Tulitegemea samaki, chapati nene ya mayai na viazi waiitayo tortilla, na saladi. Hatukulala njaa.

Siku ya 9, Jumatano 23 Julai: Vilar Formoso

Ukivuka mpaka, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Barabara ya A25 iliwasumbua wageni kwa miaka mingi kwa sababu ya malipo ya kamera. Tangu 1 Januari 2025 ni bure.

Vilar Formoso ni mji mdogo wenye kituo cha treni kilichopambwa kwa vigae vya rangi ya bluu. Kwenye maghala yake ya zamani kuna makumbusho ya wakimbizi, yaliyofunguliwa 2017. Hapa ndipo treni na magari kutoka Bordeaux yalipowashusha watu katika nchi isiyokuwa na vita. Tulikaa ndani saa mbili. Nilizitazama picha za akina mama wameketi juu ya masanduku, watoto wamelala mapajani, na swali la mama yangu likanirudia. Njia ilikuwa ileile. Mimi nilikuwa na kidaftari cha gharama na watoto wanaodai aiskrimu.

Usiku ule, kambini upande wa Guarda, nililala chali ndani ya hema nikisoma kwenye simu maisha ya yule balozi mdogo. Nikafika mahali, nikaketi. Nikamwamsha baba watoto.

"Baba watoto, huyu bwana alikaa Unguja."

"Nani?"

"Sousa Mendes. Alikuwa balozi mdogo wa Ureno Zanzibar, miaka ya 1910. Baadhi ya wanawe wamezaliwa pale."

Alinyamaza, kisha akasema, "Basi alikuwa mtu wa kwetu." Nilichukua muda mrefu kulala.

Siku ya 10, Alhamisi 24 Julai: Cabanas de Viriato

Haikuwa kwenye mpango. Tuliiacha A25 Mangualde, tukashika njia ya Nelas hadi Carregal do Sal, mizabibu na misonobari pande zote, kisha kijiji cha Cabanas de Viriato. Nyumba ya Sousa Mendes, Casa do Passal, ni kasri la ghorofa lenye paa la mtindo wa Kifaransa, na inatazamwa na kijiji kizima. Mwaka 1940 walikaa humo baadhi ya wakimbizi aliowaokoa.

Salazar alimwadhibu. Aliondolewa kazini, akiwa na mke na familia ya watoto 14, akafika hadi kula kwenye jiko la msaada la jamii ya Wayahudi mjini Lisbon. Alikufa 1954 akiwa maskini. Nyumba ilichukuliwa kwa madeni, ikawa gofu, mvua ikinyesha ndani. Imekarabatiwa, na tangu Julai 2024 ni makumbusho.

Nilipenda ngazi kuliko vyumba. Nilisimama pale nikawaza watoto 14 wakizishuka kwa kelele, wakubwa wao waliozaliwa Unguja huenda wakitupiana neno moja moja la Kiswahili walilolipata kwa mayaya. Hilo la maneno ni mawazo yangu tu, sikulisoma popote. Shuleni kwetu Mombasa tulifundishwa Wareno wa Fort Jesus, walioichoma Mombasa na kuipora Kilwa mwaka 1505, na ni haki tufundishwe. Natamani huyu naye awemo kwenye somo hilohilo. Skuli za Unguja zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Siku ya 11 hadi ya 13, Ijumaa 25 – Jumapili 27 Julai: Costa da Caparica

Coimbra hadi Lisbon tulilipia barabara kama euro 16. Kisha daraja jekundu la mto Tejo. Lilifunguliwa 1966 kwa jina la Salazar. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974 liliondolewa jina lake, likaitwa kwa tarehe hiyo. Kwenda kusini hulipi, unalipa ukirudi kuelekea mjini.

Kambi za Caparica ziko nyuma tu ya ufuo, na familia za Kireno hukaa humo kiangazi kizima. Nilipofunga kamba na kuanika leso zangu mbili, yaani kanga, mzee wa hema la pili alisimama akazitazama.

"Capulana!" akasema.

Nikamwambia kwetu ni leso. Akacheka kwa furaha: "Lenço!" Kumbe leso letu ni neno lao. Alilelewa Msumbiji, Porto Amélia, mji unaoitwa sasa Pemba, na aliondoka na wazazi wake mwaka wa uhuru, 1975. Aliweka mkono kifuani, akatafuta mbali, kisha akayatoa moja moja: "Karibu. Samaki. Bahari." Miaka hamsini hakuwa na wa kumwambia.

Jioni alichoma dagaa wakubwa, wale sardinha wa Julai wanaodondosha mafuta kwenye makaa, pale panaporuhusiwa moto. Alituita, akamwambia mkewe alete "mesa". Kitindamimba akanivuta nguo: "Mama, amesema meza!" Basi ukawa mchezo. Mzee anaonyesha kitu, anakitaja, na mtoto anajibu. Bandeira, bendera. Caixa, kasha. Pipa, pipa. Wakakwama kwenye uma, wakaendelea kwenye mto wa kulalia: fronha, foronya. Mtoto alipiga makofi mpaka watu wa mahema mengine wakaja kuona.

Gharama kwa wanaotaka kupanga, safari ya kwenda tu: mafuta euro 288, barabara za kulipia 124, kambi za usiku 13 euro 362, tairi 94. Chakula tulinunua madukani, kama euro 35 kwa siku. Kurudi tulipita njia ya mkato kwa siku nne, na hakuna la kusimulia.

Jumatatu asubuhi tulikunja hema likiwa na umande. Leso moja nilikuwa nimeikata kutoka kwenye jozi yake usiku nikaipinda, nikampa mke wa mzee. Alijifunga kiunoni papo hapo. Mzee alikuja hadi dirishani kwa baba watoto, akamshika mkono, akasema, "Karibu." Alikuwa amesahau neno la kuagana. Binti yangu akamwambia kutoka kiti cha nyuma: "Kwaheri, babu." Akalirudia mara tatu ili alikumbuke.